Taa za Kona ya Kushoto

Gari la Merrin Trezise lilikuwa katikati ya yadi ya polisi, ubavu wa kulia umekunjamana hadi kwenye kiti cha dereva, ubavu wa kushoto unang'aa rangi ya njano bila hata mkwaruzo. Sajenti Despina Kallis alilizunguka mara mbili. Ndiyo ilikuwa tabia yake, kukizunguka kitu kwanza, na wenzake wa kitengo cha ajali kubwa walishazoea kumsubiri.

"Ukimaliza kulitongoza niambie," alisema Huy Doan, mkaguzi wa magari, akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, pai ya nyama mkononi. "Nina vitu viwili vya kukuonyesha. Kimoja kitakukera, cha pili kitakukera zaidi."

"Anza na cha kwanza."

Huy aliipangusa mikono kwenye suruali, akafungua kompyuta yake juu ya boneti lililopinda. Kamera ndogo ilikuwa imefungwa nyuma ya kichwa cha Merrin, ikichukua dashibodi na mikono yake. Kwenye picha, uwanja wa mbio wa Kulpanda ulikuwa unakimbia chini ya jua la Mei: lami nyeusi, nyasi kavu, vumbi la matrekta yanayopanda ngano ng'ambo ya uzio. Gari lilikata kona ya kulia. Kisha nyingine, ya kulia pia. Ikafuata kona ya kushoto, na papo hapo taa tatu zikawaka kwenye dashibodi, ya betri, ya breki na ya usukani. Gari liliponyooka, zote zikazima.

"Nimeitazama filamu yote," Huy alisema. "Kona za kulia, hakuna kitu. Kila ya kushoto, zinawaka zote tatu. Sasa tazama mzunguko wa mwisho."

Ilikuwa kona ndefu ya kushoto, ile ya kasi, nyuma ya uwanja. Taa ziliwaka. Mara usukani uliokuwa unazunguka kwa wepesi ukagoma. Misuli ya mikono ya Merrin ilisimama, bega lake la kulia likapanda, akavuta kwa mikono yote miwili kama mtu anayeng'oa kisiki. Gari halikumsikiliza. Likaendelea kwenda moja kwa moja hadi ukuta wa matairi ukaijaza picha.

Despina aliomba irudiwe. Alipoiona tena alisema, "Hakuzubaa."

"Wala hakusinzia. Amepigana hadi mwisho."

Tangu Jumapili ile, Merrin, daktari wa mifugo aliyejulikana na kila mfugaji wa wilaya, alikuwa amelazwa Adelaide, nyonga imevunjika na mifupa miwili ya mgongo imepasuka. Madaktari walikuwa bado hawajasema kama atatembea. Ajali za wikendi kwenye viwanja vya wapenzi wa mbio kwa kawaida huishia mikononi mwa klabu. Hii ilifika kwa Despina kwa sababu msimamizi mmoja wa uwanja alisema mambo mawili: kwamba Merrin alikuwa analalamikia taa za dashibodi tangu kiangazi, na kwamba asubuhi ile ile ya mashindano alimwona mtu asiye fundi wake ameingiza mikono chini ya boneti.

"Cha pili," alisema Despina.

Huy alimwashia tochi. Chini ya betri, waya mweusi mnene ulitoka kwenye kichwa cha betri ukaenda kufungwa kwenye bodi la gari kwa nati moja. "Huu ni waya wa athi. Umeme wote wa gari unarudi kwa njia hii. Usukani unasaidiwa na mota, na mota ile, katikati ya kona, inakunywa umeme kama mlevi siku ya mshahara. Waya ukiachia kidogo tu, umeme unaporomoka, kompyuta ya usukani inajizima. Usukani unakuwa jiwe."

"Na kwa nini kushoto tu?"

"Ukikunja kushoto, kila kilichomo kinasukumwa kulia. Waya unavutika, unanyanyuka kiasi cha unywele. Gari likinyooka, unalala tena mahali pake. Ndiyo maana fundi akilipima likiwa limesimama, haoni ugonjwa wowote."

"Nati imelegea yenyewe?"

"Sogea." Huy alishusha mwanga. Pembe za nati zilikuwa zimeliwa, zimekuwa za mviringo kama pipi iliyomumunywa. "Hii ni ya milimita kumi na mbili. Spana ya saizi yake inaishika sawasawa, haiwezi kuitafuna hivi. Iliyofanya kazi hii ni ya nusu inchi. Inaingia, lakini inacheza. Tena si ya siku moja. Alama hizi zimeshika vumbi na kutu, hii hapa bado inang'aa."

Despina alijiinua polepole. "Kwa hiyo kuna mtu amekuwa akiilegeza. Mara kwa mara."

"Na mwingine akiikaza. Mara kwa mara."

"Nani siku hizi ana spana za inchi?"

"Mwenye trekta kuukuu. Mwenye pikipiki ya babu yake. Mtu yeyote asiyetupa kitu." Huy aliuma pai yake. "Yaani Kulpanda nzima."

* * *

Rocco Zerella alifuta kiti kwa tambara chafu kuliko kiti chenyewe, akamkaribisha Despina akae. Despina alibaki amesimama mlangoni mwa gereji, akitazama ubao wa spana. Zilikuwa nyingi, safi, zimepangwa kwa saizi, na zote zilikuwa za milimita.

"Kabla hujaniuliza, afande," Rocco alisema, "gari lile lilitoka hapa likiwa zima."

"Sijakuuliza kitu bado."

"Mji mzima unaniuliza. Jana nimekwenda kununua mkate, yule mama wa duka ananitazama kama nimebeba jeneza begani."

"Merrin alikuita mwizi."

Rocco alikunja uso. Alikuwa mtu mnene, mwenye nyusi zilizoungana, na hasira yake ilianzia shingoni ikapanda. "Mbele ya klabu nzima. Ati namtengenezea ugonjwa ili nimuuzie dawa. Mimi! Nilikuwa na baba yake shule moja."

"Nieleze ulichofanya. Kwa mpangilio."

"Alikuja kwanza na taa ya betri. Nikapima betri, nzima. Alteneta, inachaji vizuri. Nikamwambia, Merrin, gari halina kitu, nenda. Akarudi, sasa zinawaka taa tatu kwa pamoja. Hapa kwangu hata moja haiwaki. Nikabadilisha betri. Akarudi. Nikabadilisha alteneta. Akarudi tena, anafoka. Nikavuta nyaya zote za dashibodi, moja moja, mgongo ukaniuma juma zima. Afande, gari likiwa hapa ni malaika. Likiondoka ni shetani."

"Taa tatu zikiwaka pamoja, fundi anafikiria nini?"

"Kwamba vitu vitatu havifi kwa wakati mmoja. Anatafuta kinachoviunganisha."

"Waya wa athi."

Rocco aliliokota tambara, akalikunja, akalikunjua.

"Rocco."

"Kila nilipofungua betri niliukaza. Ndiyo kazi yenyewe."

"Sijauliza kama uliukaza. Nauliza uliukuta vipi."

"Ulikuwa umelegea," Rocco alisema, akitazama sakafu. "Mara ya kwanza nikadhani ni mimi niliyesahau. Nikakaza, nikanyamaza. Nani atakwenda kumwambia mteja kwamba yeye mwenyewe alikuwa mjinga? Mara ya pili nikaukuta umelegea tena, na pale nilijua sikusahau. Lakini ningesema nini? Ningesema mtu anamchezea gari? Nani? Tayari ananiita mwizi, angeniita na kichaa."

"Ungemwokoa."

"Najua, afande. Usidhani sijui."

Despina alirudi kuutazama ubao wa spana. "Kuna wakati wowote gari lilitoka hapa halafu likakimbia bila taa kuwaka?"

Rocco alifikiri. "Pasaka. Lilikaa kwangu mpaka asubuhi ya mashindano, nikalipakia mwenyewe kwenye trela, nikalipeleka uwanjani. Alishinda mbio mbili. Hata taa moja haikuwaka. Alinikumbatia mbele ya watu." Alicheka bila furaha. "Juma lililofuata akaniita mwizi."

* * *

Kel Schirmer ndiye aliyeonekana na mikono chini ya boneti. Aliuza zana za kilimo kwenye barabara kuu, na kwenye uwanja wa Kulpanda alikuwa na gari jekundu lililomfuata Merrin kwa nyuma kila mwezi bila kulipita. Despina alimkuta nyuma ya duka, amelala chini ya trekta la Kimarekani la miaka ya nyuma kabisa. Spana alizokuwa nazo kwenye kitambaa pembeni yake zilikuwa za inchi. Nusu inchi ilikuwa ya tatu kutoka kushoto.

"Sajenti," Kel alisema kutoka chini ya trekta, miguu yake tu inaonekana. "Nimesikia unawahoji watu. Nimekusubiri mpaka nimeanza kuona wivu."

"Toka huko."

Alitoka akijipangusa, mrefu, mwekundu kwa jua, tabasamu likiwa limebandikwa. Despina alionyesha spana. "Ya nusu inchi unaitumia wapi?"

"Hapo ulipoiona. Kwenye trekta hili kizee."

"Jumapili asubuhi uliitumia kwenye gari la Merrin?"

Tabasamu likapungua upana. "Nani kasema?"

"Ulionekana."

"Nilionekana! Nilikuwa katikati ya uwanja, mchana kweupe, watu mia wanakunywa chai. Ningekuwa naharibu gari la mtu, si ningetafuta hata kichaka?"

"Ulikuwa unafanya nini chini ya boneti lake, Kel?"

"Alinituma mwenyewe." Kel alishusha sauti, akatazama mlango wa duka kama anayeogopa kusikiwa na wateja. "Aliniambia, Kel, simwamini tena Rocco, hebu niangalizie fyuzi. Mimi nikamwambia, wewe unaniamini mimi? Akasema, wewe mjinga, lakini si mwongo. Basi nikachomoa fyuzi, nikazitazama, nikazirudisha. Sikugusa nati yoyote. Sikuwa na spana hata moja mfukoni, nilikuwa na mkate wa soseji."

"Ungeshinda kama yeye asingekuwepo."

"Kushinda nini? Kikombe cha plastiki?" Safari hii alikasirika kweli. "Sikiliza, afande. Yule mwanamke ananifunga kila mwezi mwaka wa nne sasa. Ndiye anayenitoa kitandani Jumapili. Nikimvunja mgongo nitafukuzana na nani, na Rocco?"

Despina alikuwa anapanga mambo kichwani. "Pasaka gari lako lilikuwa wapi?"

"Ubavuni mwa lake, kama siku zote. Tuliazimana jeki."

"Na boneti lake lilikuwa wazi?"

"Asubuhi yote. Alikuwa anajidai na alteneta mpya."

Hapo ndipo Despina alipoiacha dhana aliyokuwa ameishika tangu asubuhi. Kama Kel alitaka kulegeza nati, Pasaka alikuwa na boneti wazi mbele yake, na taa hazikuwaka. Pasaka gari halikulala mahali pengine popote isipokuwa kwa Rocco. Na Rocco hakuwa na spana ya inchi, wala sababu ya kujichafulia jina kwa mikono yake mwenyewe. Ugonjwa haukuanzia gereji, haukuanzia uwanjani.

"Gari huwa linalala wapi?" aliuliza, ingawa alishajua.

"Nyumbani kwao. Bandani." Kel alimtazama, na polepole tabasamu lote likamtoka usoni. "Ah, hapana, afande. Pale wanaishi yeye na mama yake tu."

* * *

Bi Verna Trezise alikuwa jikoni akikata viazi na figili vya kujazia pasti, zile pai ndogo za kukunjwa. Alikuwa mfupi, na mabega yake yalikuwa ya mtu aliyebeba magunia enzi zake. Mashamba alikuwa amekodisha kwa jirani tangu mumewe alipofariki. Aliacha kisu mara tu alipoona sare ya dereva aliyemleta Despina.

"Amekufa?"

"Hapana, Bi Verna. Asubuhi alikuwa macho, wanasema maumivu yamepungua."

Mama yule aliegemea meza. "Utakula kitu, mwanangu. Umetoka mbali."

"Naomba kwanza nilione banda la gari."

Alimtazama kidogo, akavua aproni, akatangulia.

Lilikuwa banda la bati, refu, lenye harufu ya mafuta ya zamani na ngano. Nafasi ya gari la njano ilikuwa tupu, tone la mafuta katikati. Nyuma yake kulikuwa na trekta la kijivu, na ukutani zana za marehemu, kila moja ikiwa imechorewa kivuli chake kwa rangi nyeupe ili ijulikane mahali pake. Zilikuwa zimefunikwa na vumbi laini. Buibui alikuwa amefunga utando kutoka nyundo hadi koleo, kutoka koleo hadi spana za inchi zilizoning'inia kwa safu.

Utando ulikatika penye spana moja. Ile ilikuwa safi. Despina alivaa glavu, akaichukua, akasoma namba iliyochongwa kwenye shingo yake, akaitia kwenye mfuko wa plastiki. Bi Verna alimtazama akifanya hayo yote na hakuuliza ni ya nini.

Badala yake aliuliza, "Alizirai?"

Despina aligeuka. "Nani?"

"Merrin. Pale kwenye kona. Alizirai?"

Katika mji ule Despina alikuwa ameongea na watu wengi. Walikuwa wamemuuliza kuhusu breki, kuhusu matairi, kuhusu Rocco, kuhusu kama Merrin alikuwa amekunywa. Hakuna aliyeuliza hilo. "Kwa nini azirai, Bi Verna?"

"Watu huzirai. Joto, na ile helmeti."

"Hapakuwa na joto Jumapili."

Mama alikaza midomo. Nje trekta la jirani lilipita likivuta mashine ya kupandia, likawalazimisha wote wawili kusubiri mpaka lilipokwisha kupita.

"Kulikuwa na kamera ndani ya gari," Despina alisema. "Nimeona filamu yote. Unataka nikwambie nilichoona?"

"Niambie."

"Hakuzirai. Alikuwa macho. Usukani uligoma katikati ya kona kwa sababu umeme ulikatika, na yeye akauvuta kwa nguvu zake zote. Mikono yake ilikuwa inapigana mpaka alipogonga."

Bi Verna alitafuta mahali pa kukaa, akakosa, akaketi kwenye kibao cha trekta cha kukanyagia. Alikaa hapo ameshika magoti. Despina alijua kinachokuja, na ndiyo sababu alijilazimisha kusema maneno yaliyopaswa kusemwa kwanza: kwamba halazimiki kuongea, kwamba lolote atakalosema linaweza kupelekwa mahakamani, kwamba anaweza kumwita wakili.

"Wakili wa nini," mama alisema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliilegeza ile nati. Kila akilileta kutoka kwa Rocco. Kidogo tu. Nimetengeneza mabomba ya maji na matrekta maisha yangu yote, najua waya ule ukicheza taa zinawaka." Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. "Nilidhani ni taa tu. Nilijiambia hivyo, ni taa tu. Magari yetu ya zamani yalikuwa hayana mota kwenye usukani."

"Kwa nini?"

"Alianguka. Januari, hapo jikoni, ana birika la moto mkononi. Macho wazi, haoni kitu. Alipozinduka akaniapisha nisimwambie mtu. Akasema ni joto. Halafu akaanguka tena, zizini, katikati ya kondoo. Akaniapisha tena." Alimtazama Despina kwa mara ya kwanza tangu akae. "Ningesema, wangemnyang'anya leseni. Si ya mbio tu, yote. Daktari wa mifugo huku kwetu asiyeendesha gari atafanya nini? Ng'ombe wamfuate? Amesomea kazi ile kwa jasho. Basi nikafikiri, barabarani anakwenda polepole, anaweza kusimama. Lakini zile mbio zitamuua. Hapo kwenye mbio ndipo nilitaka atoke."

"Kwa hiyo ukaligeuza gari liwe kero."

"Hapendi kero. Tangu mtoto. Redio ikikwaruza anaizima, farasi akigoma anamuuza. Nilijua atachoka." Bi Verna alitikisa kichwa. "Hakuchoka. Jumamosi mezani akasema, Mama, kesho nakwenda hata taa zote zikiwaka. Nikaogopa. Usiku ule nikaifungua zaidi kidogo, nikitumaini gari halitawaka kabisa."

Despina aliandika, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Alipomaliza alisema, "Utakuja nami Adelaide."

"Kituoni?"

"Kituoni. Ndiyo."

"Nimwone kwanza. Asiambiwe na mtu mwingine, mwanangu. Nakuomba. Asisomewe na askari."

Mkuu wake angemtukana kwa hilo. Mtuhumiwa hapelekwi kwa mwathiriwa kabla ya kuandikisha maelezo, na Despina alikuwa ameifundisha kanuni hiyo kwa watu wengine.

"Nitakuwa ndani ya chumba," alisema hatimaye. "Sitatoka nje hata ukinililia."

* * *

Merrin alikuwa amelala chali, shingo imefungwa, macho yake yakitazama dari kwa sababu hayakuwa na mahali pengine pa kutazama. Uso wake ulikuwa umevimba upande mmoja. Alipomsikia mama yake alitabasamu kwa upande mwingine.

"Umechelewa leo. Nani amekuleta?"

"Sajenti."

Tabasamu likasita. Merrin alizungusha macho mpaka akamwona Despina ukutani. Hakusalimia.

"Ni mimi," alisema Bi Verna. Alikuwa amesimama mbali na kitanda, mikono ameibana kwapani. "Ule waya. Nilikuwa nauachia. Tangu ulipoanguka jikoni."

Macho ya Merrin yalirudi kwenye dari.

"Taa," Merrin alisema.

"Ndiyo."

"Zile taa zote. Miezi yote ile."

"Nilitaka uliuze."

"Ungesema!" Sauti ilimtoka kwa nguvu, ikamrudia kwa maumivu, akafumba macho mpaka yakapita. "Ungemwambia daktari. Ungemwambia mtu."

"Uliniapisha."

"Ungevunja, Mama! Watu huvunja viapo kila siku kwa mambo ya kipuuzi, wewe umeshika hicho?" Machozi yalimtiririka kuelekea masikioni na hakuweza kuyafuta. Mama yake alipiga hatua moja, akasita. "Rocco. Nimemwita Rocco mwizi mbele ya klabu. Na wewe ulikuwa umesimama pale pale na sinia lako la pasti. Ukanisikiliza. Ukamgawia pasti."

"Ndiyo."

"Sajenti," Merrin alisema kwa dari, "ni kweli nimeanguka mara mbili. Niliificha. Andika na hilo. Usimwandike yeye peke yake."

"Nimeliandika," Despina alisema.

"Sasa mtoe. Mama, toka. Siwezi kukutazama."

Bi Verna aligeuka kwa shida, kama aliyesahau mlango uko upande gani, akaenda taratibu. Despina alimfungulia. Walikuwa wameshafika kizingitini sauti ya Merrin ilipowafuata, nzito kwa dawa na kwa kulia.

"Kesho uniletee mswaki wangu. Huu wa hospitali unanichoma fizi."

Bi Verna alisimama. Hakugeuka kumtazama bintiye. Alimtazama Despina, bila kuthubutu kuuliza.

"Mahojiano ni saa nne," Despina alisema. "Ukitoka hapo nitakuleta."